Kashasha, 1962: Kicheko Kilichofunga Shule

Kisa cha Kashasha husimuliwa kama kichekesho, na kila msimuliaji hukitia chumvi yake. Eti msichana mmoja alitania darasani, wenzake wakacheka, wakashindwa kujizuia, kicheko kikatoka shuleni kikaingia vijijini, na Tanganyika ikacheka mwaka mzima bila kupumua. Hakuna binadamu anayeweza kucheka mwaka mzima. Hata kwa saa moja mfululizo mbavu zinakataa. Na ukiyatazama maelezo ya madaktari waliowapima wagonjwa, hukuti utani uliokuwa chanzo. Unakuta wasichana wanaolia, wanaohangaika, wanaopigana na yeyote anayejaribu kuwashika, na wanaosema kuna mtu anawakimbiza.

Madaktari hao ni A. M. Rankin na P. J. Philip. Ripoti yao fupi ilitoka mwaka 1963 katika Central African Journal of Medicine, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kwa uhakika kuhusu kisa hiki inatoka humo. Nitaifuata hatua kwa hatua, kisha nitagombana nayo kidogo. Jibu walilolifikia, histeria ya kundi, yaani dalili za mwili zinazoenea katika kundi bila sumu wala viini vya ugonjwa, naamini lilikuwa sahihi. Tatizo langu ni kwamba lilifunga faili pale ambapo uchunguzi ulipaswa kuanza.

Kashasha ni kijiji kilicho maili 25, yaani kilomita 40 hivi, kutoka mjini Bukoba, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Leo kiko wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Palikuwa na shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na misheni, ikiwa na wanafunzi 159, wengi wao wa umri wa miaka 12 hadi 18. Jumanne ya tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu walishikwa na kicheko. Kutoka hao watatu kikaenda kwa wengine, bweni kwa bweni, hadi kufikia tarehe 18 Machi walioshikwa walikuwa 95. Siku hiyo shule ikafungwa. Masomo yalikuwa hayawezekani tena.

Tusogee karibu na mgonjwa mmoja mmoja, maana hapa ndipo hadithi ya mitaani inapoachana na ukweli. Shambulio lilianza ghafla. Msichana alicheka au alilia, au vyote kwa kupokezana, kwa dakika chache au saa kadhaa. Kisha alitulia, akaonekana mzima, halafu likamrudia. Ukimshika kwa nguvu alipambana. Baadhi walisema wanahisi vitu vinatembea kichwani, na walikuwa na hofu ya kufukuzwa. Kwa wengine hali hiyo ilikwisha ndani ya saa chache. Aliyesumbuliwa muda mrefu zaidi alikaa nayo siku 16, za mashambulio na mapumziko. Karibu kila mgonjwa alikuwa amekutana na mgonjwa mwenzake muda mfupi kabla, saa chache au siku chache. Hakuna aliyekufa. Walimu watano wa shule, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hakuna aliyeguswa hata mmoja. Mshikilie huyo mwalimu ambaye hakuguswa, nitamrudia.

Kufunga shule kulikuwa na mantiki yake: watenganishe, moto utakosa kuni. Lakini wanafunzi wa bweni wana kwao, na wakirudi kwao wanarudi na walichonacho. Siku kumi baada ya Kashasha kufungwa, ugonjwa ulizuka Nshamba, kijiji kilicho mbali zaidi na Bukoba, ambako baadhi ya wasichana walikotoka. Huko, katika watu wapatao 10,000, walishikwa 217 kati ya Aprili na Mei. Hawakuwa wasichana wa shule peke yao. Walikuwemo watoto wa shule na vijana wakubwa, wanaume kwa wanawake. Juni ikawa zamu ya shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba: 48 kati ya 154. Nayo ikafungwa. Msichana wa Ramashenye aliyerudishwa nyumbani Kanyangereka akaufikisha huko, na ndugu zake walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupata. Baadaye shule mbili za wavulana za jirani zikalazimika kufunga. Na Kashasha yenyewe? Ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wasichana 57 wakashikwa. Mwishoni mwa Juni milango ikafungwa mara ya pili.

Piga hesabu uone. Kashasha, bweni, ni karibu asilimia 60. Ramashenye ni asilimia 31. Nshamba, kijiji kilichotawanyika katika migomba, kila kaya na kibanja chake, ni asilimia mbili na kitu. Kama ingekuwa sumu ya hewa, Nshamba ingeumia sawasawa na Kashasha. Tofauti hii inafuata kitu kimoja: watu wanalala umbali gani kati yao, na wanaonana mara ngapi kwa siku.

Madaktari hawakukimbilia histeria, na hilo lazima wapewe haki yao. Walianza na magonjwa yanayoua. Homa hakuna. Shingo haijakakamaa, kwa hiyo homa ya uti wa mgongo si mtuhumiwa mkuu, ila hata hivyo maji ya uti wa mgongo yalitolewa na kupimwa, na yalikuwa safi. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka kidogo lakini ziliitika mwanga; misuli iliruka kupita kawaida ikigongwa kwa nyundo ya daktari. Degedege hakuna, kupoteza fahamu hakuna. Damu ilichunguzwa. Chakula kilifikiriwa, kwa sababu kuna mimea yenye sumu inayovuruga akili na kutanua mboni. Ila chakula cha bweni la Kashasha hakiwezi kumfikia kijana wa kiume wa Nshamba ambaye hajawahi kukanyaga shuleni hapo.

Wananchi nao walikuwa na maelezo yao. Kwa Kihaya waliuita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka, au akajanja, wazimu. Wapo waliosema hewa imechafuliwa na milipuko ya bomu la atomiki. Msomaji wa leo atatabasamu, lakini kumbuka ulikuwa wakati gani. Ufaransa ilikuwa imeanza kulipua mabomu yake katika jangwa la Sahara mwaka 1960, na viongozi wa Afrika walipiga kelele. Oktoba 1961 Wasovieti walilipua bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kujaribiwa. Mtu wa Nshamba aliyesema hewa ina sumu alikuwa anafikiri kwa kutumia habari za dunia zilizomfikia, kama ambavyo daktari alifikiri kwa kutumia hadubini.

Baada ya vyote kuondolewa mezani, Rankin na Philip waliandika kwamba hii ni histeria ya kundi katika jamii iliyo tayari kuipata, na kwamba huenda umbo lake limetokana na utamaduni. Hapo ndipo waliposimama.

Ili uone uzito wa jina hilo lazima ujue lilikotoka. Neno histeria linatokana na neno la Kigiriki la tumbo la uzazi, na waganga wa Ugiriki ya kale walilihusisha tatizo hili na tumbo hilo. Plato aliandika kuhusu tumbo linalotangatanga mwilini mwa mwanamke likikosa mtoto, likiziba pumzi na kuleta kila aina ya maradhi. Daktari Soranus wa Efeso, karne ya pili, alisema waziwazi kwamba tumbo halitembei, lakini wazo lilikuwa na mizizi kuliko ushahidi. Mwaka 1602 mjini London, msichana mmoja, Mary Glover, alianza kupatwa na degedege na mwanamke mzee akashtakiwa kumloga. Daktari Edward Jorden alisimama mahakamani akasema huu ni ugonjwa, si uchawi. Hakusikilizwa, mwanamke akatiwa hatiani, na mwaka uliofuata Jorden akachapa kitabu kutetea hoja yake. Nampenda Jorden kwa ujasiri huo, ingawa ugonjwa alioutaja bado aliuhusisha na tumbo la uzazi. Mzee akiondolewa lawama, kiungo cha mwanamke kinabaki nayo.

Karne ya 19 mambo yalihamia Paris, hospitali ya Salpêtrière, ambako Jean-Martin Charcot alianza kazi 1862. Kwake histeria ilikuwa ugonjwa wa neva wenye hatua zinazofuatana kwa mpangilio, na alikiri kwamba hata wanaume huupata. Alieleza wagonjwa wanaume, wakiwemo vibarua. Alifungua mihadhara yake, watu wa mjini wakaja kutazama wagonjwa wakianguka. Kuna mchoro mkubwa wa mwaka 1887, kazi ya André Brouillet, unaoonyesha tukio la namna hiyo. Charcot amesimama, mgonjwa Blanche Wittmann anaegemea mkono wa daktari kijana, Babinski, na ukumbi umejaa wanaume. Watu wengi wakitazama mchoro huo wanamtazama Blanche. Mimi natazama ukuta. Nyuma ya wasikilizaji, upande ambao mgonjwa anaelekea, imetundikwa picha ya mwanamke aliyejipinda mgongo kama upinde, mkao uleule ambao Charcot aliufundisha kuwa alama ya ugonjwa. Mgonjwa anaona kinachotarajiwa kwake kabla hajaanza.

Charcot alifariki 1893, na yale mashambulio makubwa ya upinde yalipungua hospitalini. Babinski huyohuyo baadaye alisema mengi yalikuwa yamepandwa na madaktari wenyewe kwa kauli na matarajio yao. Wakati huo Vienna, Breuer na Freud walikuwa na njia nyingine, na kitabu chao cha 1895 kilitafuta chanzo katika kumbukumbu zilizofukiwa. Kisha ikaja vita ya 1914, na maelfu ya askari, wanaume wenye ndevu zao, wakarudi kutoka mahandakini wakitetemeka, wakiwa mabubu, miguu imelegea pasipo jeraha. Wao walipewa jina jingine, lenye heshima zaidi, linalotaja mshtuko wa makombora. Mwaka 1980 Wamarekani waliondoa histeria katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili, na leo madaktari husema ugonjwa wa dalili za neva usio na jeraha la neva. Dalili ni za kweli. Mgonjwa haigizi. Mfumo wa fahamu unafanya kazi vibaya ingawa waya zake ni nzima.

Rudi sasa Bukoba na ule ukuta wa Paris akilini. Mwili wenye dhiki huchukua umbo la dhiki lililoko karibu. Msichana wa Kihaya mwaka 1962 alikuwa ameona maumbo gani?

Mawili angalau. Katika nchi za Maziwa Makuu, Uhaya ikiwemo, kulikuwa na kubandwa: roho za Bachwezi, watawala wa kale wa masimulizi, humpanda mtu, akabadilika sauti na mwenendo, na watu wakamsikiliza kwa sababu anayesema si yeye. Misheni ilipiga vita jambo hilo. Lakini ndani ya kanisa lenyewe kulikuwa na Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kufika Bukoba kabla ya miaka hiyo kwisha. Katika mikutano yake watu walilia hadharani, walitetemeka, waliungama kwa sauti. Hapo kulia na kutetemeka kulikuwa njia inayokubalika ya kuonyesha kwamba kuna jambo zito ndani. Sidai kwamba wasichana wa Kashasha walikuwa wanabandwa au wanaamshwa. Nasema kwamba katika mazingira yao mwili uliozidiwa ulikuwa na mifano ya kufuata, na shule ilikuwa imeufunga mmoja wa mifano hiyo bila kuweka kitu mahali pake. Wenzetu wa pwani wanajua hili: anayepandisha mashetani huandaliwa ngoma, hufukizwa ubani, huulizwa shetani anataka nini, na kila mtu anajua swali hilo linamuuliza nani hasa.

Daktari wa akili Simon Wessely, mwaka 1987, aligawa milipuko ya namna hii katika aina mbili. Ya kwanza ni hofu: harufu ya ajabu darasani, mmoja anazimia, kumi wanafuata, kesho yake wamepona. Ya pili ni ya mwendo wa mwili, yaani kutetemeka, kukimbia, kucheka. Hiyo hujengeka polepole, mahali palipofungwa penye shinikizo la muda mrefu, na hudumu wiki au miezi. Kashasha ni aina ya pili bila shaka. Na kama ni aina ya pili, kinachopaswa kuchunguzwa ni shinikizo.

Kuna wanaosema lilikuwa uhuru. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, siku 52 kabla ya kicheko cha kwanza, na tarehe 22 Januari Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika. Ni kweli nchi ilikuwa katika msukosuko wa matumaini na wasiwasi. Lakini nchi nzima ilipata uhuru siku ileile, na kicheko hakikuanzia Tanga wala Songea. Uhuru unaweza kuwa hali ya hewa ya kisa hiki, chanzo, sidhani.

Maelezo yanayonishawishi zaidi ni ya daktari wa watoto G. J. Ebrahim, aliyeandika 1968 kuhusu milipuko mitatu ya shuleni Afrika Mashariki. Yeye aliona mtoto aliyebanwa katikati: nyumbani mila na utii wa wazee, shuleni mawazo mapya yanayomtaka aulize na kujifikiria upya. Ongeza kwamba huyu ni msichana, kwamba wachache sana wa rika lake walifika darasa hilo, kwamba wazazi wamelipa, na kwamba bwenini hakuna mahali pa kusema siwezi. Msichana wa hivyo akikataa kwa mdomo ni mtovu wa adabu. Akishikwa na kicheko kisichozuilika, ni mgonjwa, na mgonjwa hachapwi.

Hapo ndipo ninapogombana na ripoti. Rankin na Philip wanaandika kwamba watu wenye elimu na waliostaarabika kiasi hawakushikwa. Wanawaza walimu, naam. Lakini waliokuwa wanaanguka kwa makumi ni wanafunzi wa shule ya bweni, wasichana waliosoma kuliko karibu wasichana wote wa wilaya. Kama elimu ingekuwa kinga, ugonjwa ungeanzia shambani. Mwalimu wa Kashasha alikuwa na kitu kingine ambacho mwanafunzi hakuwa nacho: angeweza kufunga mlango wa chumba chake na kulala, angeweza kuandika barua ya kuacha kazi, angeweza kusema hapana. Kinga yake ilikuwa nafasi yake. Sentensi ile ina harufu ya enzi yake, na imefanya kazi ileile iliyofanywa na tumbo linalotangatanga. Imeweka kasoro ndani ya mgonjwa na kuiacha shule isiulizwe.

Ripoti inatuambia mengi kuhusu mboni, misuli na uti wa mgongo. Kuhusu bweni inatuambia machache mno. Wasichana watatu wa kwanza walikuwa na jambo gani tarehe 29 Januari? Nani alikuwa anawakimbiza katika hofu zao, mtu wanayemjua au kivuli? Na ile tarehe 21 Mei ni ushahidi ambao haukutumiwa. Miezi miwili nyumbani, kisha wasichana wakarudi katika jengo lilelile na ratiba ileile, na 57 wakashikwa upya. Daktari anayeona mgonjwa anapona akiwa nje na kuugua akirudi ndani ya nyumba, huenda kuikagua nyumba.

Milipuko haikuishia hapo. Mwaka 1963 Uganda ilikuwa na watu wa Kigezi na Mbale walioshikwa na kukimbia ovyo. Daktari Mganda Benjamin Kagwa aliiandika pamoja na ile ya Tanganyika mwaka 1964. Na Oktoba 2023, magharibi mwa Kenya, shule ya wasichana ya Eregi katika kaunti ya Kakamega ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60 ambao miguu ilitetemeka na kukataa kutembea. Video zao zilizunguka katika simu za nchi nzima kabla vipimo havijarudi. Sampuli zilichukuliwa, histeria ikatajwa, wanafunzi wakapelekwa nyumbani.

Tangu 1962 mbinu za dharura zimeboreka kidogo. Walioshikwa hutengwa kimyakimya na wenzao mmoja mmoja badala ya kulazwa pamoja ukumbini, sumu na maambukizi hupimwa haraka na majibu hutangazwa kwa lugha inayoeleweka, na watazamaji huondolewa, siku hizi pamoja na kamera zao. Hayo huzima mlipuko. Kinachobaki kinahitaji mtu asiye mwalimu wala kasisi wa shule hiyo, ambaye wanafunzi hawamwogopi, aketi na wale wa kwanza kabla basi la kuwarudisha nyumbani halijaondoka, awaulize kuhusu mitihani, adhabu, usiku wa bwenini na watu wazima wanaoingia humo.